Nyanda za Malisho za Kanda ya Kati: Nyasi, Mifugo na Somo la Kondoa

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, uweze:

(a) kueleza maana ya nyanda za malisho na usimamizi wake;
(b) kueleza jinsi uoto unavyolinda udongo na maji, kwa kutumia vipimo vya Mpwapwa;
(c) kukokotoa uwezo wa malisho;
(d) kutathmini mradi wa HADO wilayani Kondoa;
(e) kutaja mambo yanayosomwa katika fani hii chuo kikuu.

1. Utangulizi

Ukiulizwa kwa nini udongo wa mikoa ya kati ya Tanzania umemomonyoka, jibu la haraka ni kwamba wafugaji wana mifugo mingi kupita kiasi. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu tu ya jibu. Mtahiniwa anayeishia hapo hupoteza alama, na kiongozi anayeishia hapo huweza kufanya uamuzi utakaowaumiza watu wengi. Mkoa wa Dodoma una mfano halisi wa uamuzi wa namna hiyo, uliofanyika mwaka 1979. Kabla ya kuutazama, tujifunze kwanza namna nyasi, mvua na mnyama vinavyohusiana.

2. Maana ya nyanda za malisho

Nyanda za malisho ni maeneo ambayo uoto wake wa asili, yaani nyasi, vichaka na miti iliyotawanyika, hutumika hasa kulishia mifugo na wanyamapori. Kwa kawaida maeneo haya hupata mvua chache au isiyotabirika, hivyo kilimo huwa cha kubahatisha.

Ekolojia ya nyanda za malisho huchunguza uhusiano wa mimea, wanyama, udongo, maji na hali ya hewa katika maeneo hayo. Usimamizi wake ni kutumia maarifa hayo ili ardhi iendelee kulisha mifugo na watu bila kuharibika. Zingatia kwamba watu wamo ndani ya maana hii. Uwanda wa malisho ambao hauna mtu anayeutegemea ni nadra sana katika Afrika Mashariki.

3. Mazingira ya uwanda wa kati

Mji wa Dodoma upo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na wastani wake ni kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka. Miezi mingine yote ni kiangazi.

Mambo matatu hufuata kutokana na hali hiyo:

(i) Nyasi huota kwa miezi michache, lakini mnyama hula miezi yote 12. Kwa hiyo chakula cha Oktoba ni kile kilichobaki kutoka Aprili.

(ii) Mvua hunyesha kwa vishindo. Matone makubwa huanguka juu ya udongo ambao umekauka na kuachwa wazi na kiangazi.

(iii) Wastani hudanganya. Mwaka mmoja mvua huwa nyingi, mwingine hukatika mapema Februari. Mfugaji haishi kwenye wastani. Huishi mwaka mmoja baada ya mwingine.

Uoto wa kanda hii ni vichaka, migunga, mibuyu na nyasi. Nyasi ziko za aina mbili. Nyasi za kudumu huishi miaka mingi kwa sababu mizizi na vitako vyake huhifadhi akiba ya chakula ardhini. Nyasi za msimu huota kwa mbegu kila mvua inapoanza, kisha hufa. Malisho yakichakazwa, za kudumu hupungua na za msimu huchukua nafasi yake. Mtu asiyejua huona kijani cha Januari akadhani malisho ni mazuri. Anayejua hurudi Septemba kuona kama kuna kilichobaki.

4. Nyasi na mnyama

Sehemu ya nyasi inayokua ipo chini, karibu na udongo. Ndiyo maana nyasi hustahimili kung'atwa kuliko mimea mingi: jani likikatwa juu, huendelea kusukumwa kutoka chini. Mnyama akila kiasi, nyasi huchipua upya.

Tatizo huanza pale nyasi inapong'atwa tena kabla haijarudisha nguvu. Kila mara hulazimika kutumia akiba ya mizizi kuotesha majani mapya. Akiba ikiisha, mizizi hufupika, na nyasi hufa katika ukame wa kwanza. Kwa hiyo malisho huharibiwa na mambo mawili kwa pamoja: idadi ya mifugo na muda inaokaa mahali pamoja. Ng'ombe wachache wakifungiwa karibu na lambo mwaka mzima huweza kuharibu zaidi ya kundi kubwa linalopita na kuondoka. Hapa ndipo watahiniwa wengi hukosea, kwa kutaja idadi na kusahau muda.

5. Vipimo vya Mpwapwa

Nyasi zikiondoka, maji nayo huondoka. Jambo hili lilipimwa Mpwapwa katika miaka ya 1930. Mtafiti R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko mdogo, kila kimoja kikiwa na hali yake ya uoto, kisha akapima maji yaliyotiririka na udongo uliobebwa. Matokeo kwa ufupi ni haya:

| Hali ya ardhi | Sehemu ya mvua iliyotiririka | Udongo uliopotea kwa hekta kwa mwaka |
|---|---|---|
| Ardhi tupu | Takriban nusu | Zaidi ya tani 140 |
| Shamba la nafaka | Takriban robo | Zaidi ya tani 70 |
| Nyasi | Chini ya asilimia 2 | Karibu hakuna |
| Kichaka kisicholishwa | Chini ya asilimia 1 | Karibu hakuna |

Tazama mstari wa kwanza. Mahali panapopata milimita 560 za mvua, ardhi tupu hubaki na kama milimita 280 tu. Mawingu yametoa mvua ya kutosha kuotesha nyasi, lakini nusu yake imekwenda korongoni. Ukame wa aina hii huanzia kwenye udongo wenyewe, na unaweza kutokea hata mwaka ambao kituo cha hali ya hewa kimeandika mvua ya kawaida.

Tazama pia mstari wa pili. Shamba la nafaka lilipoteza udongo mwingi kuliko nyasi. Kwa hiyo anayesema kwamba mifugo peke yake ndiyo chanzo cha mmomonyoko amesahau jembe.

6. Kukokotoa uwezo wa malisho

Uwezo wa malisho ni idadi ya mifugo ambayo eneo linaweza kulisha kwa kipindi fulani bila uoto na udongo kuharibika. Ili tuweze kujumlisha wanyama wa aina mbalimbali, tunatumia uniti ya mifugo, yaani mnyama wa uzito wa kilo 250. Kwa makadirio yanayotumika sana, ng'ombe mmoja wa kienyeji ni uniti 0.7, na mbuzi au kondoo mmoja ni uniti 0.1.

*Mfano.* Wanafunzi waliweka fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 mahali 20 katika malisho ya kijiji, wakakata nyasi zilizomo, wakazikausha na kuzipima. Wastani ulikuwa gramu 30 kwa fremu. Tafuta hekta zinazohitajika kwa uniti moja kwa mwaka. (Namba hizi ni za kujifunzia tu.)

Hatua ya 1: Fremu ina eneo la mita za mraba 0.25. Gramu 30 × 4 = gramu 120 kwa mita ya mraba, sawa na kilo 1,200 kwa hekta.

Hatua ya 2: Tunawaachia udongo na mizizi nusu. Kinacholiwa ni kilo 600 kwa hekta.

Hatua ya 3: Mnyama hula chakula kikavu sawa na asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku. Asilimia 2.5 ya kilo 250 ni kilo 6.25. Kwa siku 365 ni takriban kilo 2,281.

Hatua ya 4: 2,281 ÷ 600 = hekta 3.8 kwa uniti moja.

Kijiji chenye hekta 380 za malisho kinaweza basi kulisha uniti 100. Sasa chukua mwaka mbaya, fremu zinapotoa gramu 15 tu. Ukirudia hatua zote utapata hekta 7.6 kwa uniti, na kijiji kilekile kitaweza kulisha uniti 50.

Je, mfugaji afanye nini na uniti 50 zilizobaki? Anaweza kuziuza wakati kila mtu anauza na bei imeanguka. Anaweza kuziacha zife. Au anaweza kuzihamishia mahali ambapo mvua imenyesha. Tangu zamani wafugaji wa Kigogo, Kimasai na Kibarabaig wamechagua njia ya tatu kila ilipowezekana. Kuhama ni hesabu, hata kama haikuandikwa kwenye karatasi.

7. Kisa cha kusoma: Kondoa na mradi wa HADO

*7.1 Hali ilivyokuwa.* Vilima vya Irangi wilayani Kondoa vilikuwa na makorongo marefu na mapana, udongo mwekundu uliobaki wazi, na mito iliyojaa mchanga. Sababu zake zilirundikana kwa muda mrefu. Biashara ya misafara ya karne ya 19 iliongeza mahitaji ya chakula. Wakati wa utawala wa Waingereza vichaka vilifyekwa ili kuondoa mbung'o, na ardhi ikafunguliwa kwa kilimo na malisho. Watu waliongezeka, mashamba yakapanda miteremkoni, na mifugo ikabanwa kwenye eneo linalopungua.

*7.2 Mradi.* Mwaka 1973 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa kifupi HADO, kwa msaada wa Uswidi. Katika miaka ya mwanzo kazi ilikuwa kuchimba makinga maji, kuziba makorongo na kupanda miti. Mafanikio yalikuwa madogo, kwa kuwa mifugo iliendelea kulisha palepale.

Mwaka 1979 ukatolewa uamuzi mzito: mifugo yote iondolewe katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Mifugo ipatayo 90,000 iliondolewa. Mwaka 1986 hatua kama hiyo ikachukuliwa Mvumi.

*7.3 Matokeo kwa ardhi.* Uoto ulirudi kwa kasi. Nyasi na vichaka vilifunika miteremko, makorongo mengi yakatulia, na sehemu za mito ya mchanga zikaanza kushika mimea na kulimwa. Eneo hilo likawa mfano unaotajwa mara kwa mara wa ardhi kavu iliyopona.

*7.4 Matokeo kwa watu.* Kwa kaya ya Kondoa, ng'ombe alikuwa maziwa ya watoto, samadi ya shamba, mahari, na akiba ya mwaka wa njaa. Vyote hivyo viliondoka pamoja naye. Wenye ndugu au rafiki katika tambarare za jirani walipeleka mifugo huko. Wengine waliuza. Malisho yaliyopokea mifugo hiyo nayo yalipata mzigo ambao hayakuwa nao kabla. Kilimo kilisogea kwenye baadhi ya sehemu zilizoachwa na mifugo, lakini kililimwa bila samadi.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wa maziwa waliruhusiwa kurudi kwa sharti la kufugwa bandani na kukatiwa majani. Mradi ulifikia mwisho katikati ya miaka ya 1990. Swali la nani aingize mifugo wapi, na kwa ruhusa ya nani, likabaki mikononi mwa wanakijiji.

*7.5 Somo.* Kondoa inatufundisha mambo mawili, nayo yote ni ya kweli kwa wakati mmoja. La kwanza, ardhi ikipumzishwa hupona, hata ile iliyoonekana imekufa. La pili, kupona kwa ardhi kuna gharama, na lazima iulizwe ni nani aliyeilipa. Mpango unaoponya kilima kimoja kwa kuhamishia mzigo kwenye tambarare ya jirani haujamaliza tatizo.

Linganisha na Shinyanga. Huko mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulijengwa juu ya desturi ya Wasukuma ya ngitili. Ngitili ni eneo la nyasi na miti linalofungwa wakati wa mvua, kisha kufunguliwa kiangazi kwa mifugo iliyo dhaifu au ndama. Mifugo haikuondolewa, ulipangwa muda wake. Kumbuka tulichosema katika sehemu ya 4: muda una uzito sawa na idadi.

8. Mitazamo miwili ya kitaalamu

Mtazamo wa zamani unasema kila eneo lina uwezo wake maalumu. Mifugo ikizidi, punguza, na uoto utarudi hatua kwa hatua. Mtazamo huu hufaa zaidi mahali ambapo mvua haibadiliki sana.

Mtazamo wa pili ulipata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1980. Watafiti James Ellis na David Swift, waliochunguza Turkana kaskazini mwa Kenya, walichapisha mwaka 1988 hoja kwamba katika nchi kavu sana ukame ndio unaoamua idadi ya mifugo na kiasi cha nyasi kuliko ulaji wa mifugo wenyewe. Mahali kama hapo kuhamahama ni njia ya busara ya kutumia ardhi, na kuuzuia ndiko kunakoleta uharibifu.

Uwanda wa kati uko kati ya hali hizi mbili. Dodoma si kavu kama Turkana, na miteremko ya Kondoa ina udongo unaobebwa kirahisi. Ndiyo sababu jibu zuri la mtihani hutaja mahali kabla ya kutaja nadharia.

9. Fani hii chuo kikuu

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984, hutoa shahada ya kwanza ya Sayansi katika Usimamizi wa Nyanda za Malisho. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi nacho hufundisha fani hii. Kwa ngazi ya cheti na stashahada za mifugo, kuna kampasi ya Mpwapwa ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo (LITA).

Mambo yanayosomwa ni pamoja na:

(i) utambuzi wa nyasi, mikunde na miti ya malisho;
(ii) sayansi ya udongo na uhifadhi wa maji;
(iii) lishe ya mifugo na wanyamapori;
(iv) upimaji wa uoto kwa fremu, ramani na picha za satelaiti;
(v) takwimu;
(vi) sheria na mipango ya matumizi ya ardhi, ikiwemo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999;
(vii) uchumi na jamii za wafugaji.

Tahasusi zenye Biolojia, Kemia, Jiografia au Kilimo hukuandaa vizuri. Sifa kamili za kujiunga hutolewa kila mwaka katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Usitegemee mwongozo wa mwaka uliopita.

Wahitimu hufanya kazi katika halmashauri, wizara, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo (TALIRI), ranchi kama ile ya Kongwa, hifadhi za wanyamapori na mashirika ya maendeleo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukaa na wazee, wakulima na wafugaji chini ya mti na kukubaliana nani apite wapi, lini. Asiyeweza kusikiliza hatafika mbali hata kama anajua majina yote ya nyasi. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji, ishara kwamba taaluma hii inahitajika.

10. Makosa ya kuepuka

- Kutaja idadi ya mifugo bila kutaja muda wa kukaa mahali pamoja.
- Kuchanganya idadi ya vichwa na uniti za mifugo. Mbuzi 100 ni uniti 10 tu.
- Kudai kwamba mifugo peke yake husababisha mmomonyoko na kusahau kilimo cha miteremkoni, ufyekaji wa vichaka na ukataji miti.
- Kusema HADO "ilifaulu" au "ilishindwa" bila kusema kwa nani.
- Kutumia wastani wa mvua kana kwamba hunyesha kila mwaka.

11. Maswali ya marudio

1. Toa tofauti mbili kati ya nyasi za kudumu na nyasi za msimu.

2. Kwa kutumia vipimo vya Mpwapwa, eleza jinsi ardhi tupu inavyoweza kuwa na ukame hata mvua ikinyesha vya kutosha.

3. Kijiji kina hekta 300 za malisho, ng'ombe 60 na mbuzi 180. Wastani wa nyasi kavu ni gramu 20 kwa fremu ya sentimita 50 kwa 50. Je, malisho yanatosha kwa mwaka mzima?

4. "Uamuzi wa kuondoa mifugo Kondoa mwaka 1979 ulikuwa sahihi." Jadili.

Vidokezo vya majibu

*Swali la 3.* Gramu 20 × 4 = gramu 80 kwa mita ya mraba, sawa na kilo 800 kwa hekta; kinacholiwa ni kilo 400. 2,281 ÷ 400 = hekta 5.7 kwa uniti. Mifugo ni (60 × 0.7) + (180 × 0.1) = uniti 60. Mahitaji ni 60 × 5.7 = hekta 342. Malisho hayatoshi, zimepungua hekta 42. Ongeza sentensi moja ya ushauri, kwa mfano kutumia mabua baada ya mavuno, kutenga ngitili, au kukubaliana na kijiji jirani.

*Swali la 4.* Anza kwa kueleza hali ya ardhi kabla ya 1979 na kwa nini makinga maji peke yake hayakutosha. Kisha toa hoja za kuunga mkono: kurudi kwa uoto, kutulia kwa makorongo, ardhi mpya ya kulima. Fuata na hoja za kupinga: kupotea kwa maziwa, samadi na akiba, mzigo kwa tambarare za jirani, watu kuondolewa mali yao bila mbadala wa haraka, kwani ufugaji wa bandani ulikuja miaka kumi baadaye. Linganisha na ngitili za Shinyanga. Hitimisha kwa msimamo wako na sababu yake. Msimamo wowote hukubalika ukiwa na ushahidi. Kinachokosesha alama ni kuandika upande mmoja kana kwamba mwingine haupo.